Kila Mzigo kwa Kankindi

Sehemu ya sita

Wiki iliyopita niliwaacha mkicheka, nami nikiwa getini pale gatini, mguu mmoja ndani, mguu mmoja nje. Leo mguu wa pili umeingia. Msicheke upesi.

Aliyefungia sambaza, wale samaki wetu wadogo, kwa gazeti la wiki ile, nimpe kwa kifupi. Mimi ni Kankindi, mjane, muuza vitunguu na maharage wa Gisenyi. Boti zote za ziwa zinanijua, maana mabaharia wamekula maharage yangu ya moto tangu siku za shida, wenye fedha na wenye maneno matamu tu. Kwa hiyo mtu wa Kibuye au wa Idjwi akituma mzigo huku, hataji mtaa wala sanduku la posta. Anasema, "Kwa Kankindi." Mzigo unafika. Mwenyewe anakuja kuuchukua, ananipungia mkono, basi. Jina langu lilikuwa mwamvuli wa kijiji. Kila mtu alijikinga mvua, na hakuna aliyeuliza mkono wa nani unaushika.

Kisha kampuni ya Umuraba, wenye gati, wakaleta kompyuta mbili. Moja wakaiweka ofisini mjini, ijue wateja, maagizo na mali ya stoo. Ya pili wakaiweka hangarini, ijue boti, mizani na mahali kila gunia lilipolala. Zikaishi kama wake wenza, kila mmoja na chungu chake. Mwaka huu wa tisini na tisa akaja kijana Benon, aliyekulia Kampala, akaziunganisha kwa waya wa simu. Sasa ya hangarini ikipiga chafya, ya mjini inajibu afya.

Tulikomea asubuhi ya Jumamosi. Nilikuwa nimekuja kuchukua majerikani ya urwagwa, pombe ya ndizi, yaliyoletwa na boti kutoka Kibuye, kwa kuwa barabara ya kule watu bado waliiogopa. Urwagwa wa nini? Alasiri hiyo wakwe walikuwa wanaleta ng'ombe wa mahari ya mjukuu wangu Liliane, nyumbani kwetu Rugerero.

Na katika nyumba yetu, mzee aliyebaki ni mimi. Wengine mnajua walikokwenda, tusiwaamshe. Ng'ombe wa mahari hapokelewi na jirani, wala na padri. Nisipokuwepo, ng'ombe anarudi alikotoka, na Liliane anabaki amevaa mushanana, vazi la sherehe la kuazima, kama picha ya kalenda.

Sasa twende.

Nilivuta jerikani la kwanza hadi getini. Mlinzi alikuwa amechukua kitambulisho changu wakati wa kuingia, akanipa kijibati chenye namba. Nikamrudishia kijibati chake. Akanirudishia tabasamu.

"Na kitambulisho?"

"Mama, haiwezekani. Mashine inasema we iko bado na mizigo ndani."

"Mizigo yangu ndiyo hii. Unaisikia inavyochemka?"

"Enda ona Vénuste."

Vénuste ni karani wa hangari. Zamani alikuwa na penseli nyuma ya sikio. Siku hizi ana tai, na shingo yake haigeuki tena.

"Vénuste mwanangu, nina nini humu ndani?"

Akaitazama kompyuta kama mganga anayetazama maji.

"Bon. Saruji. Magodoro. Chumvi. Mabati. Pampu ya maji. Kitanda ya chuma. Na kiti ya daktari wa meno."

"Kiti cha daktari wa meno? Mimi meno yangu nimeyazika kwa heshima, moja moja!"

"Yote iko kwa jina yako, Mama."

"Nani ameandika?"

Akakohoa.

"Ni mi. Kuandika jina kwa hii kintu, kidole moja moja, unazeeka. Jina yako ilikuwa imeisha ingia. Unafinya hapa tu, inajirudia yenyewe. Kankindi, Kankindi, Kankindi."

"Ungeandika la mama yako!"

"Ya mama ni murefu sana. Mukandayisenga."

Ni kweli, ni refu.

Chini ya meza palikuwa na miguu miwili na nyaya nyingi. Miguu ikatoka, ikawa Benon.

"Mama, pole. Lakini mashine ziko okay. Zinaongea vizuri sana."

"Naona. Zinanisengenya mimi."

"Hapa gatini, Kankindi lilikuwa neno tu la kutambua mzigo. Ofisini, jina ni mteja. Nilipounganisha, lile neno likawa mteja. Sasa wewe ndiye mteja mkubwa wa Umuraba. Umempita hata mwenye kahawa."

"Basi mteja mkubwa anaomba kwenda nyumbani."

"Mteja haendi mpaka mizigo yake yote itoke. Ni amri ya mzee Rutagengwa."

Rutagengwa ndiye mkubwa wa kampuni. Wachuuzi walikuwa wamegeuza hangari lake nyumba ya shangazi, mtu anaweka magunia mpaka yanaota majani. Ndipo akaamuru: ukiingia kuchukua, unachukua vyote, au hutoki. Mlinzi anaamini mashine. Na mashine haina bibi.

"Mpigieni simu Rutagengwa."

"Iko Kigali," alisema Vénuste. "Na ofisi ya mujini imefungwa saa sita. Imebaki mashine peke yake."

Mtaniuliza, kwa nini usitoke mbio, bibi? Kitambulisho, wanangu. Gisenyi ya mwaka huu, mtu bila kitambulisho hafiki bariyeri ya pili ya askari barabarani. Analala ndani, anahojiwa na mtoto wa umri wa mjukuu wake: "Mukecuru, we bibi kizee, ulitoka msitu gani wa waasi?"

Basi nikaenda kwenye uzio, nikavuta pumzi, nikaita soko zima.

"Wenye saruji! Wenye mabati! Mwenye kiti cha meno! Njooni mchukue vitu vyenu, mnaniua!"

Wakaja mbio kama kuku waliosikia mahindi. Mmoja mmoja anataja chake, mimi nasema, "Mpe, ni wake," Vénuste anafinya, karatasi inatoka, mzigo unapita. Kiti cha daktari wa meno kilitoka kimefungwa juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao, mwenye chukudu amekikalia, ameegemea, amefungua mdomo. Majerikani yangu ya urwagwa yakatangulia Rugerero kichwani mwa wanawake. Mimi tu ndiye sikutoka.

Hangari likawa jeupe. Nikasikia hata panya wakihama. Nikaanza kufunga kitambaa changu vizuri.

Ndipo honi ikalia ziwani.

Ilikuwa boti ya Emmy kutoka Bukavu. Emmy nimemlisha maharage tangu hana ndevu. Alikuwa amesimama mbele ya boti, mikono juu, uso unang'aa.

"Mama Kankindi! Zako zote tumeleta! Hata moja haikupotea!"

"Yewe! Emmy, usitaje jina langu!"

"Nini?"

"Jina langu, usilitaje!"

"Ndiyo, Mama! Yote iko kwa jina yako!"

Upepo ulikuwa wake. Nilipofika ukingoni, Vénuste alikuwa ameshafinya. Hangari likajaa tena: sabuni, vitenge, mafuta ya mawese, ndizi. Nikamshika Emmy sikio, mtu mzima na watoto wake.

"Kwa nini hukusema jina jingine?"

"Mama, jina ya nani? Sisi wewe tu ndiye tunajua."

Hapo nilikaa juu ya gunia. Kuna kifungo cha chuma, na kuna kifungo cha kupendwa. Cha chuma hupigwa msumeno.

Jua lilikuwa limeanza kuelekea Goma nilipomsikia Liliane kwenye uzio, akiniita Koko, bibi yake. Alikuwa amevaa mushanana, viatu ameshika mkononi, rangi ya macho imemshuka mashavuni.

"Koko! Wamefika. Wamekaa. Mzee Mbonigaba anauliza mwenyeji yuko wapi."

"Umemwambia nini?"

"Nimesema Koko iko kwa choo."

"Tangu lini?"

"Tangu walifika."

"Mwanangu, umeniharibia hata tumbo."

"Koko, Mbonigaba amesimama mara mbili. Anasema kwao ng'ombe hangoji mutu anayejificha. Akisimama mara ya tatu, wanaenda."

Mbonigaba ni baba mkubwa wa kijana anayemwoa Liliane. Ndiye msemaji wao. Mtu mrefu, kofia, fimbo, na adabu nyingi kiasi cha kuumiza.

Nikamtazama mtoto huyu. Nilimlea kwa vitunguu. Hajawahi kuniomba kitu isipokuwa hiki kimoja, nisimame uani siku yake ili watu waone kwamba ametoka mahali.

Ndipo akili yangu, ile mbaya, ikaniamkia.

"Liliane, kamwambie Mbonigaba hivi: mwenyeji amefungwa na serikali ya mashine. Kama mimi siwezi kwenda kwa ng'ombe, ng'ombe aje kwangu. Nimpokee hapa hapa, mbele ya watu, kwa mkono wangu."

"Gatini, Koko?"

"Ndoa ngapi zimefungwa mahali pabaya kuliko hapa? Kimbia."

Wakaja. Ng'ombe juu ya kamioneti, wazee nyuma yake wameshika kofia zao. Mbonigaba akashuka, akalitazama geti, akanitazama mimi.

"Mukecuru, nilisikia iko kwa choo."

"Nimetoka."

"Pole."

"Asante. Ng'ombe wako anapendeza. Mlete."

Alikuwa mtamba kweli, mwekundu, pembe kama mtu aliyeinua mikono kushangilia. Wakamteremsha. Na nyuma yangu, hangarini, mambo yakaanza kwenda vizuri, jambo ambalo lingenitia shaka kama ningekuwa na akili. Benon alikuwa amepata dawa. Amefungua mteja mpya kwenye mashine, amemwita Mbalimbali, na mizigo yote ya jina langu anaihamishia kwake. Kile kisanduku cha simu kilikuwa kinalia kama nguruwe anayevutwa mguu, ndiyo namna yake ya kusalimia mjini.

"Zero!" akapiga kelele Benon. "Mama Kankindi iko zero! Amefunguliwa! Ametoka!"

Nikainua mikono kama zile pembe. Nikageuka getini.

Mlinzi alikuwa anamuuliza Mbonigaba, kama anavyomuuliza kila mtu:

"Hii ya nani?"

Sasa nisikilizeni. Kwetu, ng'ombe wa mahari akivuka lango la wakwe, yule aliyemleta hawezi tena kusema ni wangu. Ni aibu. Ni kama kutoa mkono wa pole kisha kuomba urudishiwe. Mbonigaba, mtu wa adabu, alivua kofia, akaweka fimbo begani, akasema kwa sauti ya sherehe, hata wavuvi wasikie:

"Ni ya Kankindi!"

Na Vénuste akafinya.

"Ngombe, moja," alisema. "Kankindi."

Yegoko! Wakwe wakapiga makofi. Liliane akapiga vigelegele. Mimi peke yangu nilisikia mlango ukifungwa.

"Benon, mhamishie huyo ng'ombe kwa Mbalimbali!"

Mbonigaba akageuka polepole.

"Kwa nani?"

"Ni jina tu, mzee," alisema Benon. "Maana yake watu wowote."

"Ngombe yangu ni ya watu wowote? Kijana wangu anaoa kwa watu wowote?" Fimbo ikashuka begani. "Mukecuru, umepokea ao haukupokea?"

Nikamtazama Liliane. Alikuwa ameacha vigelegele, vidole vimeshika uzio.

"Nimepokea," nikasema.

Mbonigaba akaniweka kamba mkononi mbele ya wazee wote. Basi nikawa nimesimama hapo, mke wa mtu zamani, sasa mfungwa aliyeshika mfungwa mwenzake.

"Ng'ombe huyu atatokaje?" nikamnong'oneza Benon.

Akajikuna. "Shida iko hapo, Mama. Kilichotoka ziwani, mashine inakitoa getini. Lakini kilichoingia kwa geti, mashine inajua ni cha kusafiri. Inangoja kipakiwe botini."

"Kifute."

"Kimeshafika mjini. Kufuta ni mzee Rutagengwa tu."

"Jumatatu?"

"Jumatatu."

Liliane alikuwa kwenye uzio, ananitazama mdomo. Nikaona ziwa. Nikaona boti ya Emmy ikijiandaa kurudi Bukavu. Nikaona ile kona ya mawe upande wa kushoto, na nikakumbuka kwamba nyuma yake kuna ufukwe wa wavuvi, na kutoka pale njia ya miguu inapanda moja kwa moja mpaka barabara ya Rugerero.

Nikamvuta Emmy pembeni.

"Utampakia ng'ombe huyu. Ukipita ile kona, unamshusha kwa wavuvi. Mashine itasema amekwenda, mimi nitakuwa huru. Utakula maharage mpaka ufe."

"Hiyo si kazi, Mama. Ni mara ngapi nimeshusha vitu pale."

Mbonigaba nikamwambia ng'ombe atapita njia ya maji, kwa heshima, akamngoje kwa wavuvi na kamioneti. Akafikiri. Neno heshima lilimwingia. Lakini alipoona namkabidhi Emmy kamba, akainua kidole.

"Hapana, Mukecuru. Aliyepokea haachilii kamba mbele ya wakwe. Ukiachilia, umekataa."

Nikamtazama Emmy. Nikaitazama boti. Mimi na boti hatujawahi kuelewana. Mimi naziuzia, sizipandi.

Nikapanda.

Ng'ombe akapanda ubao bila hata kusukumwa, kama mwenye tikiti. Mimi walinibeba wanaume wawili, macho nimefumba. Nikamsikia Vénuste akifinya, karatasi ikikwaruza, na mlinzi akimwita Liliane aje achukue kitambulisho changu. Nilikuwa huru! Injini ikanguruma. Nikacheka, nikamwambia ng'ombe kwamba Umuraba wanaweza kuunganisha mpaka mbingu na ardhi, hawatampata Kankindi.

Tukafika kwenye kona. Nikawaona. Kamioneti imesimama ufukweni, wazee wamejipanga, Liliane yuko mbele, maji yanamgusa miguu.

Emmy hakugeuza.

"Emmy, ni hapa."

Mkono wake ukabaki kwenye usukani.

"Emmy!"

"Mama, nilikuwa nafikiria." Hakunitazama. Alitoa karatasi mfukoni, ile iliyochapwa na mashine. "Zamani nilikuwa nashusha popote, hakuna anajua. Sasa yule Benon ametuma karatasi sawa hii kwa simu mpaka Bukavu. Banajua: ngombe moja, ya Kankindi, kwa boti ya Emmy. Nikifika bila ngombe, mi ni mwizi. Banachukua boti. Niko na watoto tano."

"Na mimi je? Sina karatasi ya kuvuka mpaka niingie Bukavu. Hata kitambulisho kimebaki!"

"Mi nitasema ni mama yangu."

"Wanajeshi wa kule watakuuliza mama yako anafanya nini na ng'ombe!"

Ufukwe ukaanza kuhama nyuma yetu, taratibu, kama mtu anayeondoka bila kuaga. Na juu ya maji sauti husafiri vizuri kuliko mtu. Nikamsikia Mbonigaba.

"Anakimbia na ngombe! Mumeona? Mwenyeji anakimbia na ngombe!"

Wazee wakaanza kusema wote pamoja. Kisha akasema tena, bila kupiga kelele sasa, na hiyo ndiyo ilinichoma:

"Bon. Mahari imeisha pokelewa, wote ni mashahidi. Basi bibi arusi anaenda na sisi, sasa hivi. Hakuna sherehe. Hakuna wa kumuaga."

Nikamwona akimshika Liliane mkono kumpeleka kwenye kamioneti. Namna ile hupelekwa mtoto aliyeokotwa.

Liliane akajivuta. Akakaa chini. Pale pale kwenye mchanga wenye maji, na mushanana wa watu, akakumbatia magoti, akatazama ziwa. Walimwinua. Akakaa tena.

"Emmy. Geuza."

"Mama, siwezi. Nihurumie."

Nikamtazama. Alikuwa analia, mjinga yule. Na mimi nikamwonea huruma kweli, watoto watano si maneno. Mtu wa kumlaumu hakuwepo. Kulikuwa na karatasi tu.

Nikafungua fundo la kamba shingoni mwa ng'ombe.

"Emmy, ng'ombe akikimbia mwenyewe majini, hapo wewe ni mwizi?"

Akafuta pua. Akamtazama ng'ombe, pembe, kisha maji, kisha ufukwe.

"Ngombe ikiruka yenyewe... Hapana. Hiyo ni ajali. Mabaharia wote watashuhudia."

"Na huyu anajua kuogelea?"

"Huyu? Mama, hii ni ngombe ya visiwa vya Kibuye. Kule bachungaji banazihamisha kwa maji, kisiwa mpaka kisiwa. Anajua kuliko sambaza." Akapunguza injini kidogo, kidogo tu, kama mtu ambaye hakufanya kitu. "Lakini we, Mama. We unajua?"

Mimi nimezaliwa Kanzenze, kwenye mashamba ya viazi. Maji makubwa niliyowahi kuingia ni ya beseni, na hata hayo nilikuwa nashika ukingo.

Ng'ombe alikuwa ameshaona majani ya ufukweni. Akaweka mguu wa mbele juu ya ubavu wa boti. Aliyepokea haachilii mbele ya wakwe, na kamba nilikuwa nimekwisha kuifungua.

Nikaukamata mkia kwa mikono miwili.